Skuna za Kustaafia

Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya kaunta
ya posta, Tanga mjini, dirisha la tatu,
na hakuna mteja aliyewahi kuiona miguu yangu.
Walinijua kuanzia kifuani kwenda juu,
kama picha ya pasipoti
inayouliza, "Stempu za wapi, baba?"
Huko chini nilivaa kandambili,
moja ya bluu, moja ya kijani.
Nani angejua?

Basi ilipofika barua ya kustaafu
(nikaigonga muhuri mwenyewe, kwa mazoea)
nilikwenda Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
kwa Semhando, fundi asiyeweza kushona kiatu cha kawaida.
Ukimpelekea soli iliyobanduka
anakuuliza jana usiku uliota nini.
Rafuni kwake:
skuna yenye kisigino cha chungwa la Muheza,
chungwa la mninga, limemenywa nusu, ganda linaning'inia;
skuna za bibi harusi, kila mguu juu ya kikombe cha kahawa;
na nyingine, gidamu zake mkonge uliosukwa,
kisigino ni kuku wa mbao aliyeinama,
kila ukikanyaga anadonoa ardhi.
"Hizo za mke wa mwanasheria," akasema.
"Kalipa nusu, kaingia mitini."

Akaitazama miguu yangu
kama mtu anayesoma anwani iliyolowa mvua.
"Wewe umefanya kazi gani?"
Nikamwambia.
Akachomoa penseli sikioni.
"Niletee muhuri mmoja wa zamani. Usiibe. Omba."

Niliiba.

Wiki mbili, na siku tatu za visingizio.
Kushoto: mpini wa muhuri,
mweusi kwa jasho la kiganja changu mwenyewe,
umekuwa kisigino, na chini yake mpira bado unasema TANGA
na tarehe imekwama siku yangu ya mwisho kazini.
Kulia: kengele ya baiskeli, ya chuma, ya enzi zile,
imezungushiwa kizimba cha shaba isipondwe na uzito wangu,
ina ulimi ndani, haijui kunyamaza.
Ngozi nyekundu kama sanduku la barua.
Inchi nne na nusu!
Mimi, Nyamvula binti Mbwana,
niliyezeeka nikichuchumia kuifikia rafu ya vifurushi.

Siku ya kuagwa wakanikalisha meza kuu.
Keki. Kitenge. Hotuba ya meneja
ndefu kama foleni ya mwisho wa mwezi.
"Mama Nyamvula, japo neno moja."
Nikainuka.
Nikazidi kuinuka.
Meneja, ambaye miaka yote amenisemesha kwa utosi,
akatafuta macho yangu pale alipoyazoea
akakutana na kifungo cha gauni.
Neno sikusema. Nilitembea tu:
gonga, kring, gonga, kring,
na vigae vyeupe vya ukumbi vikawa bahasha,
TANGA, TANGA, TANGA, mpaka mlangoni,
na Hoza mfagiaji nyuma yangu na dekio lake, analalama,
"Mama, sasa wewe unatumwa wapi?"
"Bado sijaandikwa anwani, mwanangu."

Nisiwadanganye.
Wino uliisha kwenye ngazi ya nne.
Nilipofika kona ya duka la vitambaa
vifundo vya miguu vilikuwa vikitukana kwa Kidigo,
matusi ya bibi yangu, nilidhani yamezikwa naye.
Nikavua. Nikazilaza skuna kwenye kikapu cha baiskeli,
nikakanyaga pedali peku,
barabara ya Raskazoni, upepo unapita katikati ya vidole
kama karani anayehesabu noti.
Kila shimo, ile ya kulia inapiga kelele yenyewe: kring!
Wenye maandazi wanapisha. Wanafunzi wanapisha.
Wanageuka waone nani huyo mwenye haraka,
na kwa mara ya kwanza mjini humu
wanaanza kunisoma toka chini.